Michael Faraday, mtoto wa mfua chuma mwenye aliupatia umeme mizani

Bateri ya pikipiki inakuwa na alama ndogo pembeni: 5 Ah, 7 Ah, 9 Ah. Motari anaisoma wakati wa kununua, fundi anaisoma wakati wa kuchaji, na mwenye duka anapandisha bei kufuatana nayo. Ile alama ni hesabu. Inasema ni umeme kiasi gani unaweza kutoka mule ndani mpaka risasi na asidi zimalize kugeuka. Mtu mwenye alionyesha kwamba hesabu ya namna hiyo inawezekana, kwamba kiasi fulani cha umeme kinalingana na kiasi fulani cha madini bila kuzidi wala kupunguka, alikuwa Mwingereza mmoja, mtoto wa mfua chuma, mwenye aliacha shule akiwa na miaka kama 13 na hakurudi tena. Jina lake Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, upande wa kusini wa mji wa London. Baba yake, James, alikuwa ametoka kaskazini mwa Uingereza na jamaa yake kutafuta kazi mjini. Alikuwa fundi wa chuma lakini pia mgonjwa wa mara kwa mara, na siku zenye hakuweza kuinua nyundo, nyumbani hakukuingia kitu. Watoto walikuwa wane, Michael ndiye wa tatu. Mwaka wa 1801 vyakula vilipanda bei sana Uingereza, na Michael alikuwa anapewa mkate mmoja wenye ulipashwa kumfikisha juma nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hesabu za juu hakuzijua mpaka kufa kwake, na jambo hilo lilimfuata katika kazi yake yote.

Jamaa ilikuwa ya kanisa dogo la Kikristo, la Wasandemani, lenye watu wachache na maisha ya kawaida sana. Kujikusanyia mali halikuwa jambo la kusifiwa kwao. Ni vizuri kukumbuka hilo, juu linaeleza mambo mengi yenye alikuja kukataa akiwa mtu mzima.

Mwaka wa 1804, Michael aliingia kwa George Riebau, mwenye asili ya Ufaransa, mwenye alikuwa na duka la kuuza na kufunga vitabu. Kwanza alikuwa mtoto wa kutumwa tu: kupeleka magazeti asubuhi nyumba kwa nyumba na kuyarudisha, juu watu wengi walikodi gazeti, hawakulinunua. Mwaka wenye kufuata Riebau alimkamata kama mwanafunzi wa kazi kwa miaka saba, bila kumlipisha baba yake kitu. Watoto wengi wa maskini hawakupata patro wa namna hiyo.

Kazi ya kufunga vitabu ni ya mikono, lakini vitabu vyenyewe vilipita mbele ya macho ya kijana. Akaanza kuvisoma. Viwili vilimkamata. Kimoja kilikuwa kitabu cha shimi cha mama Jane Marcet, chenye kuandikwa kwa watu wasio na masomo makubwa. Kingine kilikuwa insiklopedia, ndani yake habari ndefu juu ya umeme. Faraday hakuridhika kusoma. Kila jaribio lenye bei yake aliweza kulipa, alilifanya yeye mwenyewe nyuma ya duka, kuona kama kitabu kinasema kweli. Riebau alimuachia. Baba alikufa mwaka wa 1810. Mkubwa wake Robert, naye mfua chuma, ndiye alimpatia shilingi moja moja ya kulipia masomo ya jioni ya sayansi mjini.

Ili kuelewa kile kijana alikuwa anatafuta, inafaa kurudi nyuma kidogo. Mpaka mwaka wa 1800, umeme wenye watu walijua kuuzalisha ulitokana na kusugua vioo. Ulitoa cheche, ukashtua mkono, ukaisha. Ile mwaka Mwitalia Alessandro Volta alitangaza kitu kipya: ukipandanisha vipande vya fedha au shaba na vipande vya zinki, katikati yao karatasi nzito yenye kulowa maji ya chumvi, umeme unatoka pole pole na hauishi haraka. Hiyo ndiyo bateri ya kwanza. Miezi haikupita mingi, Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walipitisha ule umeme ndani ya maji, na maji yakaachana kuwa gesi mbili, hidrojeni na oksijeni.

Mwezi wa saba 1812, Faraday akiwa na miaka 20, alitengeneza ya kwake. Hakuwa na fedha ya kununua vyombo. Alikata zinki vipande saba vya mviringo, akakamata sarafu saba za shaba, zile za nusu peni zenye watu walilipia vitu sokoni, na katikati akatia karatasi zenye kulowa maji ya chumvi. Nyaya mbili kutoka kwenye ile mnara mdogo alizitumbukiza ndani ya maji yenye kuyeyushwa chumvi nyingine, ile ya manyeziamu yenye waganga walitumia kusafisha tumbo. Vitone vya gesi vikajaa kwenye nyaya. Kisha saa mbili hazijaisha, maji yenye yalikuwa meupe kama ya chemchemi yakageuka mazito, yenye ukungu. Umeme ulikuwa umevunja ile chumvi. Faraday alimwandikia rafiki yake barua juu ya jambo hilo na furaha ya mtoto.

Ni nini kilitokea ndani ya zile sarafu? Leo inajulikana. Zinki ni chuma chenye kupenda kuachia. Kinachoachia ni chembe ndogo sana zenye kuitwa elektroni. Zinki ikiachia elektroni, inayeyuka pole pole ndani ya maji ya chumvi. Elektroni zinapita kwenye waya mpaka upande wa shaba, na huko kuna wenye kuzipokea. Kitu chenye kupoteza elektroni, wanasayansi wanasema kimepata oksidasio. Chenye kuzipokea kimepata reduksio. Hivi viwili haviachane hata siku moja. Ni kama sokoni: hakuna mwenye ameuza kama hakuna mwenye amenunua. Kazi ya bateri ni kulazimisha muuzaji na mnunuzi wakae mbalimbali, ili elektroni zitembee njia ndefu ya waya, na njiani ziwashe taa au zizungushe mashine. Zinki ikiisha kuliwa, soko linafungwa. Ndiyo maana bateri inakufa.

Faraday hakujua elektroni. Hakuna mtu aliyezijua wakati huo. Lakini aliona kwa macho yake kwamba umeme na shimi ni kitu kimoja chenye nyuso mbili, na hapo akaamua kwamba hatazeeka akifunga vitabu.

Ile mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpatia tiketi za kwenda kusikiliza masomo mane ya Humphry Davy kwenye Royal Institution, nyumba kubwa ya sayansi katikati ya London. Davy alikuwa mtu wa sifa sana. Mwaka wa 1807, kwa kupitisha umeme wa bateri kubwa ndani ya potasi yenye kuyeyuka, alikuwa ametosha chuma kipya kabisa, potasiamu, kisha siku chache nyuma sodiamu. Ni vyuma vyenye kuachia elektroni kwa nguvu mpaka hakuna mtu alikuwa amefaulu kuvitenganisha na oksijeni kwa moto. Faraday alikaa juu kabisa, akaandika kila neno, akachora kila chombo. Nyumbani akaandika yote upya kwa usafi, karibu kurasa 300, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga vitabu, akaifunga kuwa kitabu. Akakituma kwa Davy na barua ya kuomba kazi.

Davy alimpokea vizuri lakini kazi haikuwepo. Bahati ilikuja kwa njia mbaya. Davy aliumizwa macho na kitu chenye kulipuka ndani ya labo, akahitaji mtu wa kumwandikia kwa siku kadhaa, akamuita Faraday. Kisha mwanzoni mwa mwaka wa 1813 msaidizi wa labo akafukuzwa juu ya kupigana. Tarehe 1 Machi 1813, Faraday aliandikishwa pahali pake, akapewa na vyumba viwili juu ya nyumba. Ndani ya nyumba hiyo alitumika na kukaa zaidi ya miaka 40.

Mwezi wa kumi wa ile mwaka, Davy alifunga safari ya Ulaya na bibi yake, na Faraday kama msaidizi. Uingereza na Ufaransa walikuwa vitani, lakini Napoleon alikubali kuwapatia ruhusa. Dakika ya mwisho boyi wa Davy akakataa kwenda. Davy akamuomba Faraday afanye na kazi ya boyi mpaka wampate mwingine Paris. Mwingine hakupatikana. Kwa mwaka mmoja na nusu, kijana alipika madawa ya labo mchana na kupanga nguo za bwana usiku. Bibi Davy, mwenye mali na jina, alimtendea kama boyi kweli, si kama mwanasayansi, na kulikuwa siku zenye Faraday alifikiri kurudi kwa vitabu vyake. Lakini ile safari ndiyo ilikuwa chuo kikuu chake. Huko Paris alikutana na Ampère, mwenye jina lake leo liko katika ile alama ya bateri. Huko Milano, mwaka wa 1814, alimuona Volta mwenyewe, akiwa mzee.

Kurudi London, alitumika miaka mingi chini ya Davy. Kuna kazi moja ya wakati huo yenye inafaa kuelezwa kwa urefu, juu inaonekana mpaka leo kwenye paa za nyumba. Meli za vita za Uingereza zilifunikwa chini kwa shaba, na maji ya bahari yalikuwa yanaila. Serikali iliomba msaada. Mwaka wa 1824 Davy alipendekeza kitu rahisi: kufunga vipande vya zinki au chuma juu ya ile shaba. Faraday alisaidia katika majaribio. Zinki, kwa sababu inapenda kuachia kuliko shaba, ndiyo ingeliwa badala ya shaba. Na kweli, shaba ikabaki nzima. Lakini tatizo jipya likatokea. Shaba yenye kuliwa ilikuwa inatoa sumu kidogo kidogo, na ile sumu ndiyo ilizuia konokono na majani ya bahari kukamata kwenye meli. Shaba isipoliwa, sumu haikuwepo, na meli zikajaa magamba mpaka zikakawia kutembea. Watu walimcheka Davy. Shimi yake haikuwa na kosa. Hakuwafikiria wale konokono. Leo manjanja ya nyumba yanapakwa zinki kwa fikra ile ile. Hata mahali yamekwaruzwa, zinki ya pembeni inaliwa kwanza, na chuma kinangoja. Kutu nyekundu ikianza kuonekana, maana yake mlinzi amekwisha kazi.

Urafiki wa Faraday na Davy ulikuwa tayari umeharibika. Mwaka wa 1821, mwezi wa tisa, Faraday alifaulu kufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo mota ya kwanza, hata kama ilikuwa ndani ya kikombe cha zebaki tu. Alitangaza haraka, bila kumtaja Wollaston, mwanasayansi mkubwa mwenye alikuwa amejaribu jambo karibu na hilo pamoja na Davy. Maneno yakatembea kwamba kijana ameiba fikra ya wazee. Wollaston mwenyewe hakuendelea na ugomvi. Davy aliendelea. Marafiki walipopeleka jina la Faraday kuingia Royal Society, Davy, mwenye alikuwa mkubwa wa chama hicho, alisimama kumzuia. Tarehe 8 Januari 1824 kura zilipigwa kwa siri, na ilipatikana moja tu ya kukataa. Faraday hakuwahi kumsema Davy vibaya mbele za watu, hata kisha Davy kufa mwaka wa 1829. Lakini tangu siku hizo alikuwa mwangalifu sana kuandika tarehe ya kila jaribio na kutaja kila mtu.

Ndoa yake ilikuwa ile ile mwaka 1821, na Sarah Barnard wa kanisa lake. Hawakubarikiwa watoto.

Mwaka wa 1831 alivumbua kwamba sumaku yenye kutembea inazalisha umeme ndani ya waya. Kila barazi la umeme, kuanzia Ruzizi mpaka Inga, linatumika kwa sheria hiyo. Watu wengi wanamjua kwa hiyo tu. Lakini ni kazi yenye kufuata ndiyo ilimpatia umeme mizani.

Swali lilikuwa hili. Kulikuwa umeme wa kusugua, wenye kutoa cheche. Kulikuwa wa bateri. Kulikuwa wa radi, wa sumaku, na wa samaki fulani wenye kushtua mkono. Wajuzi walibishana: ni vitu vingi ao ni kimoja? Faraday alianza mwaka wa 1832 kupima mmoja mmoja, kama unaweza kuvunja chumvi, kugeuza sindano ya sumaku, kupasha waya moto. Jibu lilikuwa kwamba ni umeme mmoja. Tofauti ni wingi na nguvu ya kusukuma. Ili kulinganisha, alikamata nyaya mbili nyembamba, moja ya zinki na moja ya platini, akazitumbukiza kidogo tu katika maji yenye tone moja la asidi. Katika muda wa saa yake kupiga mara nane, kama sekunde tatu, zile nyaya zilitoa umeme sawa na wa mashine kubwa ya kusugua yenye kuzungushwa mara 30. Mashine yenye cheche za kutisha ilikuwa na umeme kidogo, na ile zinki ya kimya ilikuwa na mwingi.

Basi akataka kupima kweli kweli. Alitengeneza chombo cha kioo chenye kukusanya gesi wakati umeme unavunja maji. Wingi wa gesi ukawa kipimo chake. Kisha akaunganisha vyombo vingi kwenye waya mmoja, vikubwa na vidogo, vyenye asidi kali na yenye maji mengi, ili umeme ule ule upite kote. Gesi ilikuwa sawa kila pahali. Hiyo ni sheria ya kwanza: uzito wa kitu chenye kutoka unafuata wingi wa umeme wenye kupita, basi. Ukubwa wa chombo hauongezi kitu.

Kwa sheria ya pili alitumia bati, madini yenye kutoka ndani ya kasiteriti. Hapa wachimbaji wa Kivu na Maniema wanaweza kumfuata bila shida. Kasiteriti ni bati yenye kufungwa na oksijeni. Mwenye tanuru anaipasha moto pamoja na makaa, makaa yanakamata oksijeni, bati inabaki safi. Kile kitendo cha kurudisha jiwe kuwa chuma ndicho wazee wa kazi ya madini waliita reduksio, zamani kabla ya elektroni kujulikana. Faraday alikamata chumvi ya bati na klorini, akaiyeyusha kwa taa ndani ya kioo, akapitisha umeme. Bati ilijishika kwenye waya wa platini. Waya alikuwa ameupima mbele, akaupima tena. Kwenye waya ule ule wa umeme kulikuwa chombo chake cha gesi. Alipata kwamba mahali umeme unatosha gramu moja ya hidrojeni, unatosha karibu gramu 58 za bati. Na 58 ilikuwa karibu ile namba yenye wanashimi walikuwa wamepata zamani kwa mizani yao, bila umeme wowote, wakipima namna vitu vinaungana. Umeme ulikuwa unalipa bei ile ile yenye shimi ilikuwa imepanga.

Hiyo haikuwa fikra ya kitabu tu. Huko Likasi na Kolwezi, tangu kabla ya uhuru mpaka leo, shaba inatoshwa ndani ya asidi kwa umeme, na kila bamba linalipiwa kwa hesabu ya Faraday. Ampere moja ikipita saa moja nzima, shaba yenye kujishika haiwezi kuzidi gramu 1,2 hivi. Hakuna enjinia mwenye kupata zaidi kwa kubembeleza. Na katika bateri ya pikipiki, kila Ah moja yenye kutoka inageuza karibu gramu 3,9 za risasi upande wa minus. Bateri yenye kuandikwa namba kubwa lakini nyepesi mkononi inaleta mashaka kwa sababu hiyo.

Kulibaki shida ya majina. Watu walisema nguzo za bateri, kama nguzo za sumaku, na neno hilo lilibeba fikra kwamba nguzo zinavuta vitu kwa mbali. Faraday aliona si kweli. Vyuma vile ni milango tu, umeme unaingia na kutoka. Lakini yeye hakujua Kigriki. Mwaka wa 1834 alimwandikia William Whewell, profesa wa Cambridge, mwenye alijua lugha nyingi, na barua zikaenda na kurudi. Hivyo yakazaliwa anodi na katodi, maana yake njia ya kupanda na njia ya kushuka. Faraday alifikiri dunia yenyewe kama iko na umeme wenye kutembea sawa na jua, kutoka mashariki kwenda magharibi: anodi ni kule jua linapanda, katodi ni kule linashuka. Kile chenye kusafiri ndani ya maji kikaitwa ioni, mwenye kwenda. Alitaka majina yasiyo na upande, juu aliogopa kwamba siku moja watu watagundua umeme haupiti namna walidhani, na majina yenye uongo yatapotosha wanafunzi. Aliona mbali. Elektroni zinatembea kinyume na vile watu wa wakati wake walichora, na majina yake hayakuhitaji kubadilishwa. Oksidasio ni kwenye anodi, reduksio ni kwenye katodi, daima.

Alibishana pia na wafuasi wa Volta. Hao walisema umeme wa bateri unatoka kwa kugusana tu kwa vyuma viwili. Faraday, katika kazi zake za mwaka wa 1840, alionyesha kwamba pahali hakuna kitu chenye kugeuka kishimi, umeme wa kuendelea haupatikani. Kugusana bure kungekuwa kupata nguvu bila kulipa, na hiyo haiko.

Miaka hiyo angeweza kutajirika. Viwanda vilimlipa vizuri kupima vitu vyao, na sifa yake ilikuwa inapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 aliacha karibu kazi zote za namna hiyo ili apate muda wa labo. Mwaka wa 1835 serikali ilitaka kumpatia malipo ya uzeeni ya paundi 300 kwa mwaka. Waziri mkuu, Lord Melbourne, akaongea mbele yake kwa dharau juu ya malipo ya wasomi. Faraday aliondoka, akaandika kwamba hataki. Mambo yakafika kwenye magazeti, na waziri mkuu akalazimika kuomba musamaha kwa maandishi. Hapo ndipo Faraday alikubali.

Kila mwisho wa mwaka alikuwa anafundisha watoto kwenye Royal Institution, mara 19 kati ya mwaka wa 1827 na 1860, mara nyingine na mshumaa mmoja tu mezani. Mshumaa wenye kuwaka ni oksidasio pia. Mwaka wa 1844, mgodi wa makaa ya mawe wa Haswell ulipolipuka na kuua wanaume na vijana 95, serikali ilimtuma huko na Charles Lyell. Aliingia chini mwenyewe, akarudi akisema si gesi peke yake, vumbi la makaa nalo liliwaka. Kwa miaka mingi wenye migodi hawakujali neno hilo.

Kichwa chake kilianza kumchokesha karibu na mwaka wa 1840. Kizunguzungu, kusahau. Alipumzika Uswisi, akarudi, akavumbua mengine juu ya sumaku na mwangaza, lakini kusahau hakukwisha. Alikataa kufanywa mkubwa wa Royal Society, alikataa na cheo cha heshima cha kuitwa Sir. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpatia nyumba ya kukaa bure huko Hampton Court.

Kisha kifo chake, mwaka wa 1881, Mjerumani Helmholtz alikuja London kusema kwamba kama madini yanahesabika kwa chembe, na umeme unalingana nayo kwa bei isiyobadilika, basi umeme nao uko na chembe zake. Mwaka wa 1897 J. J. Thomson akazionyesha. Kiasi cha umeme chenye kutosha gramu moja hivi ya hidrojeni, coulomb 96 485, kinabeba jina la Faraday mpaka leo.

Yeye alikufa tarehe 25 Agosti 1867, akiwa amekaa kwenye kiti chake, na miaka 75. Alikuwa ameomba maziko ya kawaida. Alizikwa Highgate, pembeni ya London, katika sehemu ya wale wasio wa kanisa la taifa, na watu wachache wa jamaa. Sarah alimfuata mwaka wa 1879, akalazwa naye pale pale.